Kaunsela mzuri utamjuaje? Hata mimi nahangaika

Kila wiki lazima mtu aniulize, "nitafutie kaunsela mzuri", na mimi mwaka wa 11 huu kwenye hii kazi bado huwa najikuna kichwa. Fundi bomba akimaliza kazi maji yakiendelea kuvuja unampigia simu arudi, kesi imeisha. Yetu haivuji ukaona. Wengi wanatufikia wakiwa pabaya kabisa, na wapo ambao wangepata nafuu kidogo hata wangebaki nyumbani wakapiga stori na dada zao, sasa nafuu ikija sifa napewa mimi. Na yule aliyekuja mara mbili akapotea? Huyo nahesabu kapona, si hajapiga simu tena 😅

Sisi wenyewe ndo usituulize kabisa. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2012, wataalamu 129 wa afya ya akili waliambiwa wajilinganishe na wenzao, robo wakajiweka kwenye asilimia 10 ya juu, na aliyejiona yuko chini ya wastani hakuna hata mmoja! Utasema basi natafuta mwenye uzoefu. Ukatoka mwingine 2016, matabibu 170 wakafuatiliwa kwa miaka, wateja zaidi ya 6,500, na kwa wastani matokeo yao hayakupanda kadiri miaka ilivyoenda, yalishuka kiduchu. Huo uliniuma.

Ila kilichonifungua macho ni mama mmoja (nimebadilisha mambo asijulikane). Kila Alhamisi anakuja na maandazi, "mwanangu, nikitoka hapa najisikia mwepesi". Nilikuwa namjazisha PHQ-9, ile fomu ya maswali 9 ya sonona, alama 0 mpaka 27 na zikipanda ndo hali mbaya, halafu natupia kwenye faili bila kuangalia. Siku napanga mafaili nakuta 13, 15, 15, 18. Wiki zote hizo mtu ananishukuru huku anazama! Nilipomuuliza akainama, "ningekwambiaje na we unavyojitahidi?" Kipindi hichohicho nina kijana anachelewa, amenuna, ananibishia kila kitu, katoka 19 mpaka 8. Ungeniuliza kabla sijaona zile karatasi ningekuapia kwamba kwa yule mama nimeweza na kwa kijana nimefeli.

Kwa hiyo siku hizi namwambia mtu hivi, kujisikia umesikilizwa ni muhimu, sikatai, lakini kwenye kikao cha kwanza muulize kaunsela wako "utajuaje kama hainisaidii, na tukifika wiki ya sita hamna kitu tunafanyaje?" Akikujibu anaona kwa macho tu, au akanuna, mh. Akikwambia anapima, na ikigoma atakupeleka kwa mwingine, kaa nae kwanza.

Yule mama nilimpeleka kwa mwenzangu, alama zimeanza kushuka. Maandazi sasa anakula huyo mwenzangu.