Cheti cha haki jinai: yanayosemwa na yanayosomwa

Ukitaja kwamba unasomea cheti cha haki jinai, watu wengi watakuuliza utavaa sare lini. Swali hilo limewaingiza baadhi ya watu kwenye kozi isiyowafaa, na kuwafukuza wengine ambao wangeifanyia makubwa.

"Ukihitimu tu, wewe ni askari."

Hapana. Cheti hutolewa na chuo. Uaskari unaupata kwa kuajiriwa: usaili, vipimo vya afya, uchunguzi wa mwenendo wako, kisha mafunzo ya jeshi lenyewe. Wala cheti hakikufanyi wakili. Kinachokupa ni kuufahamu mfumo mzima: polisi wanaokamata, mahakama zinazoamua, magereza na ofisi za uangalizi zinazobaki na mtu hukumu ikishasomwa. Ndiyo maana darasa moja linaweza kumkuta anayetaka ukarani wa mahakama, anayelenga magereza, anayepokea simu za dharura, na anayetaka kuwashika mkono waathirika wa uhalifu kesi zao zinapoendelea.

"Ni masomo ya maabara, vinasaba na alama za vidole."

Wanaopima vinasaba (DNA) kwa kawaida wamesoma biolojia au kemia hadi shahada. Mwanafunzi wa cheti anasoma sheria ya jinai, utaratibu wa mashtaka, kanuni za ushahidi na maadili ya kazi. Na anaandika, tena sana. Mwalimu anayeijua kazi yake atakurudishia ripoti yenye maneno "mtuhumiwa alikuwa mkorofi", kwa sababu hakuna mahakama inayoweza kuupima ukorofi. Andika ulichokiona na kukisikia: alipiga meza kwa ngumi mara mbili, akasema hatoki. Hapo hakimu ana kitu mkononi.

Hata vielelezo, mwanafunzi huyu anavisoma kwa upande wa utunzaji. Chukua kisu chenye damu mbichi. Hakifungiwi ndani ya mfuko wa plastiki, maana unyevu huleta ukungu na kuharibu vinasaba; hukaushwa, kikafungashwa kwenye karatasi au boksi. Juu yake kuna lakiri, nambari ya kesi, mahali, saa, jina na saini ya aliyekichukua, kisha saini ya kila aliyekipokea mpaka kinapofika mahakamani. Ikikosekana saini ya usiku mmoja, wakili wa utetezi atauliza kisu kililala wapi, na upelelezi wa miezi unaweza kuporomoka kwa swali hilo moja.

"Aliyekiri ndiye mkosaji, na aliyeona kwa macho yake hawezi kukosea."

Hii ndiyo dhana ninayoiona hatari kuliko zote, kwa sababu inafunga watu wasio na hatia huku aliyetenda akibaki mtaani. Mbinu ya kutambua watu kwa vinasaba iligunduliwa na Alec Jeffreys katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka 1984. Polisi walipoitumia kwenye mauaji ya wasichana wawili katika eneo hilo, jambo la kwanza ililolifanya lilikuwa kumtoa kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri kosa moja. Vinasaba havikuwa vyake. Muuaji, Colin Pitchfork, alihukumiwa mwaka 1988. Naye hakunaswa na kipimo peke yake: alikuwa amemtuma mwenzake atoe damu kwa niaba yake, mwenzake huyo akaropoka mbele ya watu, na maneno yakawafikia polisi.

Kuhusu kumbukumbu, Elizabeth Loftus na John Palmer walichapisha majaribio yao mwaka 1974. Wanafunzi walionyeshwa filamu ya ajali ya magari, kisha wakaulizwa yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, mfano "yalipopondana" badala ya "yalipogongana", walikisia mwendo mkubwa zaidi, na baada ya wiki moja wengi wao kuliko wenzao walisema waliona vioo vimevunjika. Hapakuwa na kioo kilichovunjika. Basi mtu anayefundishwa kumhoji shahidi anafundishwa pia kuuchunga ulimi wake, na gwaride la utambuzi, yaani mtuhumiwa anapopangwa pamoja na wengine ili shahidi amtambue, ni bora lisimamiwe na askari asiyejua mtuhumiwa ni yupi, asije akamwelekeza shahidi hata kwa jicho.

Alama za vidole nazo husomwa na binadamu. Baada ya milipuko ya treni za Madrid mwaka 2004, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilishikilia kwamba alama iliyopatikana kwenye mfuko mmoja ni ya wakili wa Oregon, Marekani. Aliwekwa kizuizini wiki mbili hivi, hadi polisi wa Hispania walipoonyesha kuwa ni ya mtu mwingine kabisa.

"Haki za mshtakiwa zinawalinda wahalifu."

Mwaka 1961 Clarence Gideon alishtakiwa huko Florida kwa kuvunja ukumbi wa pool. Hakuwa na pesa ya wakili, akanyimwa wa bure, akajitetea mwenyewe na kufungwa. Akiwa gerezani aliandika ombi kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo ikaamua mwaka 1963 kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima apewe wakili. Kesi ilisikilizwa upya, safari hii akiwa na wakili, na akaachiwa huru. Ushahidi dhidi yake ulikuwa dhaifu tangu mwanzo. Hapakuwa na mtu wa kuuhoji ipasavyo.

"Cheti chochote kitahesabiwa ukienda kusoma shahada."

Kinachoamua ni chuo kitakachokupokea, wala si kilichokupa cheti. Kabla ya kulipa ada hakikisha chuo kina ithibati, kisha kiandikie kile unachotaka kwenda baadaye, uulize masomo gani watayakubali, na majibu uyatunze kwa maandishi. Kama una rekodi ya jinai, muulize na mwajiri unayemlenga, kwa kuwa chuo kinaweza kukupokea, ukasoma, ukafaulu, halafu ajira yenyewe ikakukataa.