Unyevu wa Hewa katika Mashine ya CPAP: Tafuta Kwanza Inapovuja

Mgonjwa anayeacha kutumia mashine ya CPAP, inayopuliza hewa yenye presha kupitia barakoa ili koo lisizibe usingizini, katika wiki za mwanzo mara nyingi hutaja mojawapo ya sababu hizi: anaamka koo limekauka, pua imeziba, au barakoa imejaa matone ya maji. Malalamiko haya huonekana kama yanapingana, lakini yote yanahusu unyevu wa hewa, na kwa sehemu kubwa yanaweza kurekebishwa nyumbani bila kugusa presha aliyoipanga daktari.

Mtu mwenye tatizo la kukatika kwa pumzi usingizini hulegea misuli ya koo anapolala, na njia ya hewa ikaziba kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena usiku kucha. Tiba ya CPAP, iliyoelezwa na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney mwaka 1981, hupuliza hewa yenye presha, kwa kawaida kati ya sentimita 4 na 20 za maji (kipimo cha presha), ili njia hiyo ibaki wazi. Wengi hudhani kuwa mashine hutoa oksijeni. Kwa kawaida hutoa hewa ileile ya chumbani, na hewa hiyo ikiwa kavu, pua hulazimika kuipasha joto na kuilainisha kwa saa nyingi mfululizo.

Kabla ya kuongeza namba ya unyevu, yaani kiasi cha unyevu ambao mashine hutia kwenye hewa kwa kupasha joto maji ya tangi lake, chunguza kama hewa inatokea mdomoni. Tunapopumua kwa kawaida, pumzi inayotoka hurudisha puani sehemu ya unyevu uliochukuliwa na pumzi iliyoingia. Mdomo ukiachama wakati barakoa imefunika pua peke yake, hewa huingia puani na kutokea mdomoni bila kurudi, utando wa pua hukauka, kisha huvimba na kuziba, na mgonjwa huzidi kuvuta hewa kwa mdomo. Katika hali hiyo kuongeza unyevu husaidia kiasi, lakini chanzo kinabaki palepale. Wapo wanaosaidiwa na mkanda wa kushikilia kidevu, wapo wanaohitaji barakoa inayofunika pua na mdomo, na wapo ambao shida yao ni mzio wa pua ambao haujawahi kutibiwa. Barakoa yenyewe ijaribiwe mgonjwa akiwa amelala na mashine ikiwa imewashwa, kwa kuwa uso hubadilika umbo mtu anapolala chali au ubavu. Aoshe uso kabla ya kuivaa, maana mafuta ya kupaka huifanya iteleze, na asikaze mikanda kupita kiasi: mikanda iliyokazwa mno huumiza ngozi, na mara nyingi huzidisha uvujaji badala ya kuuzuia.

Ukishahakikisha kuwa hewa haivuji, anza na kiwango cha kati cha unyevu. Mashine nyingi huanzia namba 1 hadi 5 au 1 hadi 8. Panda au shuka hatua moja tu, kisha lala nayo usiku mbili au tatu kabla ya kuamua tena. Matone yakijikusanya kwenye mrija, maana yake hewa ya joto yenye unyevu imekutana na baridi ya chumba, jambo ambalo hutokea Njombe mwezi Juni kama linavyotokea Dar es Salaam katika chumba chenye kiyoyozi. Pitisha mrija chini ya blanketi au uvishe kitambaa, punguza ubaridi wa kiyoyozi, na uweke mashine chini ya usawa wa kitanda ili maji yasitiririkie usoni. Kumbuka pia kwamba kiyoyozi hukausha hewa, kwa hiyo mkazi wa pwani anayelala na feni huenda akahitaji unyevu kidogo kuliko jirani yake mwenye kiyoyozi.

Maji yanayofaa ni yale yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa, kwa sababu hayaachi ukoko wa chumvichumvi kwenye tangi. Yakikosekana, tumia kwa muda maji yaliyochemshwa yakapoa, huku ukijua kuwa kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvichumvi ya maji ya kisima. Ninasisitiza hili: msitumie maji ya betri yanayouzwa gereji, kwa kuwa baadhi ya chupa hizo zina asidi. Usitie mafuta yenye manukato wala dawa ya kuchua ndani ya tangi. Mwaga maji yaliyobaki kila asubuhi, osha tangi kwa sabuni laini na ulianike, na usiihamishe mashine tangi likiwa na maji.

Umeme ukikatika na ukategemea betri, zima upashaji joto wa maji na wa mrija, kwani ndio unaokula umeme mwingi kuliko upulizaji wenyewe. Usiku mmoja wa hewa kavu ni nafuu kuliko usiku bila tiba.

Ikiwa pua inatoka damu mara kwa mara, au usingizi wa mchana umerudi, hasa kwa dereva, fika kliniki mapema. Njoo na mashine, mrija na barakoa, kwa sababu mashine nyingi hutunza kumbukumbu ya saa ulizoitumia na kiasi cha hewa kilichovuja kila usiku, mambo ambayo aliyelala hawezi kutueleza.