Altrasaundi ya kupitisha dawa kwenye ngozi: yanayosemwa na ukweli wake

Mpakia magunia wa soko la mahindi Kibaigwa aliyeumia bega, au mkulima wa zabibu wa Hombolo aliyepata maumivu ya kiwiko kwa kupogoa mizabibu, akielekezwa fiziotherapia hukutana na mashine ya altrasaundi, yaani ya mawimbi ya sauti isiyosikika, yenye kichwa cha chuma kinachozungushwa juu ya jeli. Pengine jeli hiyo imetiwa dawa. Tiba hii ilielezwa mwaka 1954, haidrokotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ilipotumiwa kwa viungo vya mikono vilivyovimba, na maneno yaliyoizunguka ni mengi kuliko uwezo wake.

"Ni mashine ileile ya kupima wajawazito."

Siyo. Mashine ya picha hutuma mapigo mafupi mno ya mawimbi, kisha husikiliza mwangwi. Ya tiba haisikilizi chochote. Hutuma nishati tu, kwa kawaida megahezi 1 au 3, yaani mitetemo milioni moja au tatu kwa sekunde. Haiwezi kuonyesha ugonjwa wowote.

"Mawimbi yanaisukuma dawa mpaka ndani ya jointi."

Kizuizi cha ngozi ni tabaka la juu kabisa la seli zilizokufa, lenye unene wa maikromita 10 hadi 20 sehemu nyingi za mwili. Molekuli inayozidi daltoni 500 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupita kwa shida. Mawimbi hupasha ngozi joto na kutetemesha vipovu vidogo, mpangilio wa mafuta kati ya seli ukavurugika kwa muda. Hapo dawa hujipenyeza yenyewe kutoka palipo nyingi kwenda palipo kidogo. Ikishavuka, mishipa midogo ya damu huichukua sehemu kubwa na kuitawanya mwilini. Mawimbi ya megahezi 1 hufika sentimita kadhaa chini ya ngozi, lakini dawa haisafiri nayo. Ndiyo maana kano iliyo karibu na ngozi, kama ya kiwiko, ina nafasi nzuri kuliko jointi ya nyonga. Hata hivyo, majaribio mengi yaliyolinganisha altrasaundi yenye dawa na isiyo na dawa hayakuona tofauti kubwa, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Ipo pia habari ya insulini bila sindano. Mwaka 1995 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba mawimbi ya kilohezi 20, yaani mitetemo elfu 20 tu kwa sekunde, yanaweza kupitisha insulini, molekuli ya daltoni karibu 5,800. Ni kweli: frikwensi ikishuka, vipovu huwa vikubwa na hupasuka kwa nguvu zaidi. Lakini mashine ya megahezi 1 iliyo chumba cha fiziotherapia haifanyi kazi hiyo. Mwenye kisukari asiache sindano zake.

"Krimu yoyote ya maumivu inafaa."

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Altrasaundi haivuki hewa, na krimu nyingi nyeupe nzito, ikiwemo haidrokotisoni ya asilimia 10, huzuia mawimbi karibu yote. Mgonjwa anasuguliwa dakika saba, mawimbi hayamfikii. Jeli angavu isiyo na chembe kwa kawaida hupitisha vizuri. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ya asilimia 1 huuzwa ikiwa angavu na pia ikiwa nyeupe kama maziwa, basi usizichukulie kuwa sawa.

Kupima ni rahisi. Zungushia plasta pana ukingo wa kichwa cha mashine mpaka kiwe kama kikombe chenye kina cha sentimita moja. Kigeuze juu, tia maji, ongeza nguvu taratibu hadi uso wa maji utetemeke. Yasipotetemeka, mashine yenyewe ina hitilafu. Zima, mwaga maji, paka dawa unene wa milimita 2 au 3 huku ukiikandamiza isibaki na hewa, kisha mimina maji juu polepole na urudie nguvu ileile kwa sekunde chache. Maji yakitulia, dawa hiyo inazuia. Katika hali hiyo isugue ngozini mpaka inywewe, futa yote iliyobaki juu, halafu tumia jeli ya kawaida. Na unapochanganya dawa na jeli usivuruge haraka, kwa sababu unaingiza hewa.

"Ngozi imepauka, paka mafuta kwanza."

Kiangazi cha Dodoma, upepo wa Julai ukipiga, ngozi hukauka na kubanduka magamba. Mafuta ya mgando hutenga jeli ya maji na ngozi. Osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kausha bila kusugua kwa nguvu, kisha paka jeli. Nywele nyingi zipunguzwe kwa mkasi. Wembe huacha michubuko.

"Nguvu ikizidi, dawa inaingia zaidi."

Kinachozidi ni joto. Anza na wati 0.5 kwa sentimita ya mraba, na kwa kawaida 1 hadi 1.5 inatosha. Kichwa kisisimame hata kidogo. Kikisimama juu ya mfupa, utando wa mfupa huwaka na mgonjwa huhisi maumivu makali ya kuchoma. Akisema hivyo, punguza nguvu papo hapo. Kichwa cha sentimita za mraba 5 hutibu vizuri eneo la mara mbili yake kwa dakika 5 hadi 10. Mgongo mzima kwa muda huo haupati kitu.

"Haina sindano, haina madhara."

Dawa iliyopita ngozi ni dawa iliyoingia mwilini. Aliyewahi kubanwa na pumu kwa sababu ya aspirini aseme kabla hajapakwa diklofenaki. Mashine isipitishwe juu ya tumbo la mjamzito, uvimbe wa saratani, macho, korodani, mguu wenye damu iliyoganda kwenye mshipa, ngozi yenye maambukizi, au kifua chenye kifaa cha kuendesha moyo. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni ataungua bila kujua, kwa hiyo mjaribu kwanza kwa kumgusisha chupa mbili, moja ya maji ya uvuguvugu na nyingine ya baridi. Asipozitofautisha, usiwashe mashine hapo.