Kwa nini filamu ya kutisha huburudisha

Mtazamaji wa filamu ya kutisha hushtuka kabla hajajua kilichomshtua. Mlio mkali ukilipuka ghafla, kope huanza kufumba kati ya milisekunde 30 na 50, mabega hupanda na shingo hujikunyata. Kazi hiyo hufanywa na shina la ubongo, ambalo halingoji ruhusa ya akili. Amigdala nayo, sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, hupiga mbiu ya hatari, na tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, viganja hulowa jasho, vinyweleo husimama. Mpaka hapo mwili bado haujauliza kama hatari yenyewe ni ya kweli.

Anayeuliza ni ubongo wa mbele, na jibu lake huja upesi: hii ni filamu, kiti ni kilekile, mlango uko pale. Mwanasaikolojia Michael Apter aliita hali hiyo fremu ya kinga. Fremu ikiwepo, mapigo ya moyo huwa burudani. Ikivunjika, mapigo yaleyale ni hofu tupu. Ndiyo maana hata shabiki aliyezoea filamu za damu tele huweza kuzima video fupi ya umwagaji damu wa kweli. Huenda damu anayoiona humo ni kidogo kuliko ya kwenye filamu, ila hapa hakuna fremu.

Maelezo mengine yalitolewa na mtafiti Dolf Zillmann katika miaka ya 1970. Adrenalini huondoka kwenye damu ndani ya dakika chache, lakini msisimko wa mwili haupoi papo hapo. Mhusika anaponusurika, ahueni humkuta mtazamaji bado anahema, hivyo raha yake huwa kubwa kuliko ambavyo ingekuwa. Kicheko kinachofuata mayowe ukumbini hutoka hapo, wala si utovu wa adabu. Hata hivyo, nadharia hii peke yake haitoshi. Filamu nyingi za aina hii huisha vibaya, muuaji akiwa bado yuko nje, na watu hutoka wameridhika. Lazima kuna ladha ndani ya hofu yenyewe.

Ladha hiyo ina kipimo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya watu 110 waliopita katika nyumba ya kutisha ya maonyesho wakiwa wamevalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Uhusiano kati ya hofu na furaha ulichora upinde: hofu ikiwa haba, mtu huboeka, ikipanda, furaha hupanda nayo, ikizidi, furaha huporomoka. Kilele cha upinde hakipo mahali pamoja kwa kila mtu. Wapo wenye kiu ya msisimko, tabia ambayo mwanasaikolojia Marvin Zuckerman alianza kuitengenezea kipimo katika miaka ya 1960, na wapo wanaoumia mno na maumivu ya mhusika kiasi cha kutofurahia chochote.

Kwa hiyo anayezidiwa anaweza kupunguza dozi. Wengi hufumba macho, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu sehemu kubwa ya kitisho hupitia masikioni. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba yowe la binadamu lina mkwaruzo wa pekee: nguvu ya sauti hupanda na kushuka kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, na mkwaruzo huo huigusa amigdala kuliko sauti ya mazungumzo. Ziba masikio au punguza sauti. Washa na taa pia, kwani giza huongeza nguvu ya mshtuko.

Kwa watoto, fremu ya kinga bado haijakomaa. Walio chini ya miaka 7 au 8 hutishwa zaidi na sura: meno, macho, mtu anayegeuka jitu. Kuwaambia "si kweli" hakusaidii sana. Zima, mkumbatie, mpe kitu kingine cha kushika. Wakubwa zaidi hutishwa na kinachoweza kutokea kweli, kama kutekwa au mwizi kuingia usiku, na hao maelezo ya utulivu huwasaidia. Kulipuuza hili kuna gharama. Mwaka 1999 watafiti Kristen Harrison na Joanne Cantor waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu kuhusu filamu na vipindi vilivyowatisha walipokuwa wadogo: takriban 9 kati ya 10 walikuwa na cha kukumbuka, na karibu robo walisema mabaki ya hofu hiyo bado wanayo.

Mtu mzima aliyewahi kushambuliwa au kupata ajali mbaya naye anaweza kuikosa fremu hiyo mandhari ya filamu yanapofanana na yaliyompata. Aulize kilichomo kabla ya kuanza kutazama, na akae kiti cha pembeni, ili akitaka kutoka asilazimike kuomba njia.