Pesa ya ujenzi ianzie wapi? Dhana potofu na ukweli

Pembezoni mwa Dar es Salaam utaziona nyumba zenye geti la nguvu na madirisha ya alumini, huku rangi imeshabanduka futi moja kutoka sakafuni. Inauma, kwa sababu aliyejenga hakukosa pesa. Alianzia pasipostahili.

Dhana: Marumaru na jipsum ndiyo thamani ya nyumba.
Vitu hivyo viwili unaweza kuviweka hata ukiwa umeshahamia, lakini kizuizi cha unyevu huwezi. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unazuiwa mapema: nailoni nzito chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, na tabaka la kuzuia maji juu ya msingi kabla ya kupandisha ukuta. Ukiliruka hilo, utapaka rangi kila mara, maana maji hupanda na chumvi, na chumvi ndiyo inayosukuma plasta itoke.

Dhana: Ukinunua saruji ya 42.5, zege ni imara.
Namba hiyo ni nguvu inayopimwa maabara baada ya siku 28. Saiti ni habari nyingine. Fundi akiona zege ni zito kulisambaza, anaongeza ndoo ya maji, na hapo nguvu imeshapungua. Nondo zikilala juu ya udongo badala ya kuinuliwa kwa vipande vidogo vya zege, kutu itazila. Halafu lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, inamwagwa asubuhi na kuachwa juani, wakati saruji inahitaji maji ili ishike. Ifunikwe magunia yaliyolowa na imwagiliwe walau siku 7. Mlipe kijana wa kumwagilia wiki nzima kabla hujafikiria nguzo za urembo barazani.

Dhana: Geji kubwa, bati nene.
Geji ni namba ya unene wa bati, na ukweli ni kinyume chake. Geji 28 ni nene kuliko 30.

Dhana: Mabomba ya maji na ya nyaya yatapitishwa baadaye.
Baadaye maana yake ni grinda ukutani na marumaru ya bafuni kuvunjwa. Pitisha kabla ya plasta, na ongeza bomba tupu la nyaya za sola kutoka darini.

Dhana: Dirisha la kuteleza huingiza hewa nyingi.
Kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine, kwa hiyo upepo unapata nusu tu ya dirisha. La ukubwa uleule linalofunguka lote linafaa zaidi kwa joto la Februari. Na kabla ya hapo, mwambie mchora ramani aelekeze pande ndefu za nyumba kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Hilo haliongezi hata mfuko mmoja wa saruji.