Semina imeisha Ijumaa, Jumatatu mgonjwa kaingia

Watu wakisikia nafundisha wahudumu wa afya mambo ya afya ya akili wanadhani kazi yangu ni kushika maiki ukumbini na kubonyeza pawapointi. Sikatai, hiyo ipo, na posho ya siku tano ipo, na chai ya saa nne yenye supu na chapati nayo ipo. Lakini mimi ni nesi wa akili, nimekaa wodini miaka kibao kabla sijaanza kufundisha, na ukiniambia nichague kipande kimoja tu cha mafunzo kibaki, semina naitupa yote. Nabaki na ile Jumatatu inayofuata, nimekaa kwenye stuli pembeni ya tabibu wa zahanati, mgonjwa kaingia, na mimi nimefunga mdomo.

Ngoja nieleze kwa nini.

Mgonjwa wa akili wa Tanzania kwa kawaida hamfikii bingwa wa akili. Mabingwa ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Anakoanzia ni zahanati, kwa tabibu mmoja na manesi wawili watatu, hao hao wanaozalisha, wanaochanja watoto, wanaojaza vitabu vya MTUHA, zile rejista za takwimu za afya, mpaka vidole vinakufa ganzi. Wazo la kumfundisha mtu huyu huyu ashike na mambo ya akili sio geni kabisa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya ule mkutano wa Alma-Ata wa 1978 kuhusu huduma za afya ya msingi, tulishalijaribu Morogoro na Kilimanjaro kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, WHO, na Wadenmark. Baadaye WHO wakaja na mpango wa mhGAP, wa kupeleka huduma za akili kwa wahudumu wasio mabingwa, mwaka 2008, mwongozo wake ukatoka 2010, ukaboreshwa 2016. Mwongozo mzuri, sina ugomvi nao. Umechorwa kama zile chati za IMCI tunazotumia kutibu watoto wagonjwa: uliza hiki, akisema ndiyo nenda huku, akisema hapana nenda kule.

Sasa kasheshe ni kwamba chati inaanza pale mgonjwa ameshasema ana shida gani, na wa kwetu hasemi. Chukua ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, vitabuni na redioni tunauita sonona, na mimi tangu nianze kazi sijawahi kuona mtu kaingia zahanati akasema daktari naumwa sonona. Anakuja na kichwa kinawaka moto. Anakuja na homa za ndani kwa ndani, mwili mzima unauma, moyo unaenda mbio, vitu vinatembea mgongoni, nguvu zimeisha. Akijitahidi sana atasema ana mawazo. Na neno "mawazo" kwa tabibu aliyeamka saa kumi na moja na foleni ya watu sitini sio dalili, ni maisha, nani hana mawazo? Hata fomu yenyewe ya PHQ-9, yale maswali tisa ya kupima sonona kwa wiki mbili zilizopita, ukiyasoma kama yalivyoandikwa unapata vituko. Swali la kwanza linahusu kukosa hamu ya kufanya mambo. Kuna baba mmoja alijibu kwa ukali kabisa kwamba hamu yake iko vizuri na mke wake ni shahidi. Mpaka leo nikifika kwenye hilo swali nafundisha watu waulize kwa shamba, kwa mpira, kwa vikoba, kwa kwaya, kitu ambacho mtu alikuwa anakipenda na siku hizi hakifanyi.

Sasa twende kwenye hiyo Jumatatu. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mtu asijulikane.

Kaingia mama wa miaka arobaini na kitu, ana daftari lake la matibabu limekunjika pembe zote. Tabibu akalifungua, na mimi nachungulia. Mwezi wa pili malaria, mseto. Mwezi wa tatu yutiai, antibiotiki. Mwezi wa nne vidonda vya tumbo. Mwezi wa tano maumivu ya mwili, kachomwa diklofenaki na kupewa valiamu za usingizi. Vipimo vya malaria karibu vyote hasi. Na yule tabibu, kijana mzuri tu, alipata tisini kwenye mtihani wa mwisho wa semina siku tatu nyuma, akachukua kalamu akaanza kuandika apime malaria. Nikamgusa kiwiko. Akakumbuka, akakohoa kidogo, akauliza: "Mama, una msongo wa mawazo?"

"Hapana daktari, ya kawaida tu."

Akanigeukia na lile jicho la umeona sasa. Mlango ulikuwa wazi. Benchi la foleni liko hatua mbili, na waliokaa pale ni majirani wa huyu mama. Nani atasema nini hapo? Nikainuka nikafunga mlango, nikavuta kiti cha mgonjwa kutoka ng'ambo ya meza nikakileta pembeni ya meza, basi, hiyo ndo teknolojia yote niliyotumia siku ile. Kijana akaanza upya, safari hii akauliza analalaje. Mama akasema usingizi wake unaisha saa tisa usiku, anakaa anasubiri majogoo. Akaulizwa shamba. Akasema mwaka huu hajalima. Kimya. Pale kijana alitaka kuruka na ushauri, namjua, kwenye igizo la semina alikuwa mtu wa "usijali mama, muombe Mungu yataisha", lakini tulikuwa tumekubaliana kwamba mgonjwa akinyamaza ahesabu moyoni mpaka kumi. Nikaona midomo yake inahesabu. Alipofika kumi akauliza, sauti inatetemeka kuliko ya mgonjwa: "Mama, kuna wakati unawaza kujiua?"

Mama akakunja ncha ya khanga, akaikunjua. "Kuna kitu nimekiweka juu ya kenchi," akasema.

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama dirishani kwa makusudi, kwa sababu ningedakia pale angejifunza kwamba haya maswali ni ya sista kutoka mjini. Akaendelea mwenyewe. Nani yuko nyumbani? Dada. Anajua? Hajui. Unakubali tumpigie? Alichukua muda, akakubali. Dada akaenda kukitoa kile kitu kabla mama hajafika nyumbani, akakaa naye, na mama akapewa kurudi baada ya siku tatu, sio mwezi.

Kwenye kila semina lazima mtu ainue mkono aseme ukimuuliza mtu habari za kujiua si unampa wazo. Hapana, humpi. Tafiti zimelichunguza hilo kwa miaka mingi na hazioni kwamba kuuliza kunamsukuma mtu, wengi wanapata ahueni. Lakini unaweza kulisema hilo ukumbini mara mia, wataandika kwenye daftari, watalijibu vizuri kwenye mtihani, na chumbani hawataliuliza. Wanaogopa jibu. Akisema ndiyo nafanyaje, na foleni ile? Na sheria yenyewe inawafunga midomo, kwenye kanuni ya adhabu ya Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa, kifungu cha 217, kwa hiyo mhudumu anawaza akiandika kwenye faili anamchongea mgonjwa kwa polisi. Wenzetu Kenya mahakama kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu chao kama hicho kinapingana na katiba. Sisi bado.

Dawa nazipitia haraka haraka maana hapo ndipo wahudumu wanapenda kukimbilia. Valiamu sio tiba ya mtu mwenye huzuni asiyelala, tafadhali tuache. Fluoxetine, dawa ya sonona, ukimpa leo usitarajie kesho kacheka, wiki mbili mpaka nne ndo inaanza kuonekana, na usipomwambia hilo ataiacha siku ya tano. Akipona haachi hapo hapo, anaendelea miezi tisa na zaidi. Amitriptyline nayo ni ya sonona, ni ya zamani na inasaidia, ila ukimzidia mtu inaua, kwa hiyo mgonjwa aliyekwambia anawaza kufa humfungii vidonge vya mwezi mzima kwenye bahasha. Na haloperidol, ile ya waliochanganyikiwa, jamani, mwambie ndugu mapema kwamba shingo inaweza kupinda na ulimi kutoka nje na ipo dawa ya kurekebisha. Usipomwambia, shingo itapinda usiku, watasema pepo kapanda, na asubuhi mgonjwa yupo kwa mganga na wewe humuoni tena.

Nikisema haya watu huuliza kama lazima awe na cheti cha udaktari mtu wa kusikiliza. Sio lazima. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi kumi na wanne Mbare, Harare, mwaka 2006, baada ya mgonjwa wake kujiua kwa sababu alikosa nauli ya kufika hospitali. Bibi wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, wanazungumza habari za kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, ambalo kila mtu pale analielewa bila kamusi. Utafiti wao uliotoka 2016 ulikuwa na watu 573, na baada ya miezi sita waliobaki na dalili upande wa benchi walikuwa kama 14 kwa 100, upande wa huduma ya kawaida kama 50. Watu wanaipenda hii hadithi kwa sababu ya bibi. Mimi naipenda kwa sababu ya kitu ambacho hakipigwi picha: wale bibi hawakufundishwa wakaachwa, walikuwa na mtu wa kuwasimamia na kuwasikiliza wao pia. Sisi tunachukua benchi, tunasahau hilo.

Na hapa ndo nafika kwenye kitu kilichonibadilisha mimi mwenyewe.

Kwenye semina zangu kuna zoezi la kujaza PHQ-9 kwa ajili yako mwenyewe. Hakuna jina, hukusanyi, unajumlisha, unakunja, unaweka mfukoni. Niliweka hilo zoezi ili wazoee tu kuhesabu, kila swali sifuri mpaka tatu, jumla ishirini na saba, kuanzia kumi uanze kushtuka. Mwaka fulani, wakati wa chai, nesi mmoja akanifuata karibu na birika. "Shikamoo sista." Marahaba. Akajifanya anatafuta sukari. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Yangu imetoka kumi na saba, hivi nimekosea kujumlisha?"

Hakukosea. Miezi mitatu nyuma alikuwa peke yake zamu ya usiku, mama mjamzito akatoka damu, gari la wagonjwa likachelewa, mama akafia mikononi mwake. Baadaye kikakaliwa kikao cha kujadili kifo, kile ambacho kwa mujibu wa mwongozo hakitakiwi kumtafuta mchawi, na kila mliokaa kwenye vikao hivyo mnajua huwa kinamtafuta nani. Walimuuliza partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, iko wapi. Walimuuliza drip iliwekwa saa ngapi. Hakuna aliyemuuliza unalalaje. Yeye naye akarudi kazini kesho yake, na kila mgonjwa aliyelia mbele yake alimkatisha haraka, kumbe sio roho mbaya, hakuwa na pa kuuweka mzigo wa mtu mwingine. Na mimi nilikuwa nimeshamuandikia kwenye karatasi yangu ya tathmini: "hana moyo wa kusikiliza." Ile karatasi ninayo mpaka leo, nimeiacha kwenye droo makusudi.

Tukakaa nyuma ya ukumbi mpaka kipindi kilichofuata kikaisha bila sisi. Nilimuunganisha na mwenzangu wa wilaya nyingine, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kufungua moyo kwa mratibu ambaye kesho atamsaini ripoti yake, hilo nalo tujifunze, ukiweka huduma ya wahudumu ndani ya ofisi ya bosi hawaji. Na kumpeleka hospitali ya akili moja kwa moja asingekubali. Huku kwetu jina Mirembe ni tusi, kama Mathari kwa Wakenya na Kidongo Chekundu kule Zanzibar, nesi mzima anaogopa kuonekana getini.

Tangu hapo nikienda usimamizi zahanati sianzi na rejista. Naanza na mhudumu, dakika kumi, nani amekufa mwezi huu, umelala lini vizuri mara ya mwisho, halafu ndo tunaita mgonjwa. Wanaotoa hela za mafunzo hawalipendi sana hili kwa sababu haliingii kwenye fomu, wao wanataka idadi ya waliofundishwa, na idadi tunayo, ukirudi baada ya mwaka unakuta wengine wamehamishwa, mmoja kapelekwa chanjo, mwingine kaenda kusoma. Sawa. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba anayeulizwa analalaje huwa anakumbuka kumuuliza na mgonjwa. Wengine hapana, nao wapo.

Yule nesi wa kumi na saba sasa hivi ndo anaendesha kliniki ya Alhamisi kwenye kituo chake. Juzi usiku kanitumia voisi WhatsApp, nyuma yake mtoto analia na mvua inapiga bati. Alhamisi ile kaona watu sita. Mmoja yuko wiki ya tatu ya fluoxetine, ameanza kulala, ameanza hata kugombana na wakwe, ambayo ni dalili nzuri tu, sasa dawa imeisha stoo na bohari wamesema mpaka mwezi ujao. Afanyeje? Nikamwambia asimuhamishie amitriptyline kienyeji, ampigie tabibu wa kituo cha jirani kesho asubuhi kabla ya saa mbili, wao walikuwa na kopo mbili nilipopita, na amuazime dozi ya wiki nne kwa maandishi. Akajibu sawa sista. Halafu nikamuuliza na yeye analalaje.

Akanitumia ile emoji ya kucheka, na chini yake: saa sita mpaka saa kumi na moja, siku zisizo na zamu.