Je, kuna mbilinganya dume?

Katika bustani za nyumbani Dar es Salaam, mbilinganya unaochanua kisha ukapukutisha maua wakati mwingine huitwa dume, nao hung'olewa. Dhana hiyo ina chimbuko la kueleweka: mpapai dume upo kweli.

Mbilinganya hauko hivyo. Kila ua lake lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Chuma moja ulitazame: katikati kuna vijifuko vya manjano vya chavua, na kijiti cha kike kimechomoza kati yake. Kijiti kikiwa kifupi, kimezama humo ndani, ua hilo kwa kawaida hudondoka; lakini mmea huohuo unaweza kutoa maua mazuri baadaye.

Kinachoangusha maua mara nyingi ni joto kali, kama la Januari na Februari, au kiu, au kivuli cha mwembe wa jirani. Samadi ya kuku ikizidi nayo hunenepesha majani tu. Udongo wetu wa kichanga haushiki maji, basi tandaza nyasi kavu shinani. Asubuhi tikisa maua taratibu kwa kidole ili chavua idondokee kijiti cha kike.

Huo unaoitwa dume ufunge uzi uwe alama, uutunze hivyo, kisha uangalie maua yajayo.